Gari Lisilopiga Hodi

Kila Ijumaa baada ya sala, wanaume wa mtaa wetu hapa Usagara, Tanga, humzunguka mume wangu kumwuliza habari za gari letu la umeme. Linakwenda umbali gani? Mvua ikinyesha halipigi shoti? Na betri ikifa, unalisukuma? Yeye hujibu kila swali taratibu, mikono nyuma, utadhani gari lile kaliunda mwenyewe uani kwetu. Hurudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetoka kutoa mawaidha.

Mimi hawaniulizi, ingawa mimi ndiye dereva. Huu ni mwaka wa nne. Siku hizi linatupeleka sokoni na hospitali, basi. Lakini miaka miwili ya mwanzo safari yake kubwa ilikuwa moja: Jumamosi, kutoka hapa mpaka kijijini Moa kwa mama yangu, na kurudi. Mimi usukani, mume wangu kiti cha kushoto, akisoma asilimia za betri kwa sauti kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Kwa hiyo nina maoni yangu. Ninalipenda, nisiseme uongo. Lakini lina makosa, na mengine hayamo ndani ya kile kitabu chake kinene. Kubwa kuliko yote ni kwamba halina mlio. Wenye magari haya mjini husema hiyo ndiyo sifa yake kuu. Wao hawakuwa na mama Moa.

Mama alikuwa akiishi peke yake kule tangu baba alipofariki. Siku ya arobaini kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam na maneno yake tayari: mama ahamie kwangu Tanga, chumba kipo, hospitali iko karibu, kule Moa anangoja nini? Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamaliza kupanga vikombe vyake vya kahawa kwenye sinia, kisha akatoa hukumu.

"Siku mtakayonikuta sikusimama mlangoni kuwapokea, siku hiyo nichukueni. Sitawabishia. Kabla ya hapo msinitie maneno."

Kwa mama, kusimama mlangoni hakukuwa jambo dogo. Alilelewa hivyo na akatulea hivyo: mgeni hapokelewi na mtu aliyekaa. Hata akija mwanao wa kuzaa, unainuka, unajifunga leso vizuri, unasimama mlangoni, unamwambia karibu, ndipo mambo mengine yafuate. Mtu anayepokea watu akiwa amekaa ama ni mgonjwa ama hana adabu, na mama hakuwa tayari kuitwa lolote kati ya hayo mawili. Kaka akakubali. Nami nikakubali. Tangu siku hiyo kila Jumamosi jioni kaka alinipigia simu na kuuliza neno moja tu, "Kasimama?" Nami nilimjibu, "Kasimama." Baada ya hapo ndiyo tunasalimiana.

Wakati ule tulikuwa na pikapu ya dizeli yenye kelele za aibu. Ekzosi ilikuwa imetoboka, mume wangu akaifunga kwa bati la kopo la maziwa, na bati lenyewe likaongeza kelele zake. Kutoka lami ya kwenda mpakani unakata kulia, unaifuata barabara ya udongo, na ukifika kona ya mwisho, pale penye madrasa, Moa nzima imeshajua kwamba Msambaa kaja na mkewe. Mume wangu ni mtu wa Lushoto, na kule kwetu jina lake halisi lilisahaulika siku ya harusi. Tukisimamisha gari mbele ya nyumba, mama yuko mlangoni, bega limeegemea fremu, leso safi, anatutazama tukishuka kama anayekagua mzigo. "Mmechelewa," atasema, hata tukiwa tumewahi.

Mume wangu alipostaafu kazi yake ya bandarini na kupata kiinua mgongo, nilitegemea tutatengeneza paa. Akaleta gari.

Tena si gari la kawaida. Jeupe, la juu, la familia, aina ile ambayo watoto wa mjini wanaiita SUV na kila mstaafu wa Tanga sasa anaiota. Milango yake haina pa kushika. Vishikio vimejificha ndani ya bati, na hutokeza vyenyewe gari likikutambua. Likiamua kutokukutambua, unasimama juani na makapu yako ukilibembeleza, na wapita njia wanakuuliza kama hilo gari ni lako kweli. Ndani hakuna vitufe. Kila kitu kiko kwenye kioo kikubwa katikati, hata kupunguza kiyoyozi, na kioo hicho hakipendi kidole chenye mafuta ya samaki. Safari za Moa zote ni mafuta ya samaki.

Na ndani yake mna mwanamke. Siku za mwanzo alikuwa anasema Kichina, kwa upole, bila kupumzika. Ukisogelea mstari wa barabara, anasema. Ukimpita mtu wa baiskeli, anasema. Usipofunga mkanda, analalamika mpaka unafunga. Mume wangu alimjibu kwa Kiswahili, na alipokasirika akamjibu kwa Kishambaa. Hawakuelewana. Mwezi wa pili akanikabidhi ufunguo, akasema labda atamsikiliza mwanamke mwenzake. Nikawaambia majirani kwamba mzee kaniolea bi mdogo kwa kiinua mgongo, kamtoa mbali, na kazi ya kumtembeza kaniachia mimi. Baadaye fundi mmoja wa kompyuta alifanikiwa kumgeuza akasema Kiingereza. Hatukupata nafuu kubwa.

Halina tairi la spea. Hili sikuliamini mpaka nilipofungua nyuma mwenyewe na kukuta kopo la povu. Ati ukipata pancha unapuliza povu ndani ya tairi, linaziba, unaendelea na safari. Pancha yetu ya kwanza tuliipata tukienda kwenye harusi Pongwe, na mume wangu alilifungua kopo lile akiwa na kanzu yake ya kutoka. Tairi halikuziba. Kanzu ilipata povu la kutosha.

Halafu kuna suala la umbali. Kitabu kinaahidi mwendo ambao ungetufikisha Moa na kurudi mara tatu kwa chaji moja. Huenda ni kweli mahali ambapo hakuna joto, hakuna barabara ya udongo, wala mtu asiyejua kurudi kwao mikono mitupu. Sisi tulikuwa tunarudi na nazi, mihogo, samaki wa ng'onda, na mara moja mbuzi, ambaye mwanamke wa ndani ya gari alisisitiza mpaka Tanga kwamba hajafunga mkanda. Tukienda na kurudi safari moja tu, kilichobaki kwenye betri kilikuwa kiasi cha kumfanya mume wangu aache kuongea. Umeme ukikatika Ijumaa, gari linaamka na njaa, naye asubuhi analizunguka kama mtu aliyefiwa.

Mara ya kwanza kulipeleka Moa, pikapu ilipokwisha kuuzwa, ilikuwa siku ya Maulidi, uwanjani kwa jirani yake mama. Siku ya shughuli hakuna anayesimama mlangoni. Mama alikuwa ameketi jamvini na wanawake wenzake tangu asubuhi, nasi tukaenda kumwamkia palepale. Mume wangu alitaka watu walione gari, na papo hapo alikuwa na wasiwasi wa safari ya kurudi. Basi akaomba soketi. Akapewa ile iliyokuwa karibu, akachomeka waya wetu mnene, akarudi nyuma hatua mbili kutazama taa ya kijani ikiwaka. Soketi ile ilikuwa njia moja na vipaza sauti. Wasomaji wa kaswida walikuwa wamefika pale pa kupandisha, matari yamechangamka, mara kila kitu kikafa. Uwanja mzima ukageuza shingo. Msambaa alikuwa amesimama peke yake ameshika ncha ya waya.

Mama hakumsemesha. Mkwe na mama mkwe kwetu hawasemezani ovyo. Aliwaambia wanawake waliomzunguka, kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia, "Mkwe wangu kaja na gari lanywa kaswida."

Jumamosi iliyofuata ndiyo ninayotaka kuieleza.

Tulifika saa nne na kitu asubuhi. Tulikata kona ya madrasa na hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Tukapita mbele ya nyumba tatu na hakuna kuku aliyekimbia. Nikasimamisha gari mbele ya nyumba ya mama, na mlangoni hapakuwa na mtu. Mume wangu alibaki nje, kama desturi, maana mkwe haingii kwa mama mkwe mpaka aitwe, na pia kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umekataa kumtambua na sukari yetu ilikuwa huko. Mimi nikaenda moja kwa moja. Sikupiga hodi. Nani anapiga hodi kwa mama yake?

Mlango ulikuwa wazi. Nilifika kizingitini, nikamwona.

Alikuwa sakafuni. Hakuwa ameanguka. Alikuwa anakwenda: amekaa juu ya kipande cha jamvi kuukuu, anajisukuma kwa mikono miwili, kidogo kidogo, kuelekea kwenye dumu la maji. Alikuwa amenipa mgongo. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyezoea. Sakafu ya saruji ilikuwa imetengeneza njia, inang'aa, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Na kwenye fremu ya mlango, kwa ndani, ilining'inia kamba ya katani yenye mafundo. Kamba ile nilikuwa nimeiona mara nyingi. Nilidhani ni ya kuzuia mlango upepo ukivuma.

Nikaelewa yote kwa pamoja. Mlio wa pikapu kwenye kona ya madrasa ndio uliokuwa ukimpa habari. Akiusikia, anajisukuma mpaka mlangoni, anashika kamba, anajivuta fundo kwa fundo mpaka anasimama, anajipangusa vumbi, anajifunga leso safi, anaegemeza bega kwenye fremu. Kumbe ndiyo maana siku hizi alikuwa akishatupokea anakaa palepale kwenye kiti cha kibarazani, hatoki tena mpaka tunaondoka, ananituma mimi ndani kuleta hiki na kile, akisema mtoto wa kike hakai kwao kama mgeni. Nami nilikwenda na kurudi juu ya ile njia inayong'aa, nisione kitu. Jioni nikamwambia kaka, kasimama.

Sikumwita. Nilirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, nikavua kandambili nisisikike, nikatembea peku mpaka garini. Nimetoka nyumbani kwa mama yangu mzazi kama mwizi wa kuku.

"Ingia garini," nikamwambia mume wangu.

"Si ndiyo tumefika?"

"Ingia."

Nikarudi kinyumenyume mpaka kona ya madrasa, bi mdogo akinionya njia nzima kwa Kiingereza chake. Pale nikabonyeza honi. Nilibonyeza mpaka mwalimu wa madrasa akatoka na fimbo yake kutazama. Kisha nikakaa. Mume wangu alinitazama, akatazama betri, na hakutaja asilimia. Ndipo nilipojua kwamba sura yangu si ya kawaida.

Tuliporudi mbele ya nyumba mama alikuwa amesimama mlangoni. Bega kwenye fremu. Leso ya njano, safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mahoni yote yale ya nini? Kuna harusi mie sina habari?"

"Gari halina mlio, mama. Tunaogopa kugonga kuku wa watu."

"Gari bila mlio la wezi hilo," akasema, na akashuka taratibu kwenye kiti chake. Nilimtazama akishuka. Sijui kwa nini sikuwahi kumtazama.

Njiani nilimwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka tukafika lami, kisha akasema kaka lazima aambiwe. Nikamwambia kwamba kaka huwa anauliza kasimama au hakusimama. Kasimama. Mume wangu akasema hiyo ni fatwa yangu mwenyewe na haimo katika kitabu chochote. Nikamjibu kwamba mtu aliyekata umeme kwenye Maulidi asinifundishe dini. Simu ya kaka ilipolia nikajibu nililozoea kujibu.

Nilijua hoja yangu ni mbovu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Nilijiambia ninalinda heshima ya mama. Hilo lilikuwa kweli, lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: mama akitoka Moa, mimi nitakuwa sina kwetu. Nina nyumba Usagara, nina mume, nina wajukuu. Lakini kwetu ni pale anaposimama yeye mlangoni na kuniambia nimechelewa. Mlango ule ukifungwa nitakuwa mama wa watu tu, si mtoto wa mtu tena.

Nikafanya nililoweza. Niliongea na jirani yake, yule wa Maulidi, nikamwomba awe anapita asubuhi na jioni kumtazama. Akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba anapita mwaka mzima sasa, na ndiye aliyeifunga kamba. Nikapeleka godoro jipya, nikapeleka kiti kirefu cha kuegemea, nikanunua dumu dogo ili lisimlemee. Mama alipokea vyote kwa kusema mjini tumezidi pesa.

Na kila Jumamosi nilipiga honi kwenye kona ya madrasa.

Mwanzoni tulikuwa tukingoja kidogo tu, kiasi cha mume wangu kumaliza kahawa ya chupa. Nilikuwa na kipimo changu. Nikimkuta mama amesimama na pumzi yake imetulia, muda ulitosha. Nikimkuta anahema, leso imefungwa upande, Jumamosi inayofuata ninaongeza dakika. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Kona ikawa haitoshi, maana mwalimu wa madrasa alilalamika kwamba watoto wakisikia honi yetu wanafunga juzuu wakidhani ni ruhusa. Tukahamia mbele zaidi, pale pikipiki za bodaboda zinapoegeshwa, na honi ikawa inapigwa ndefu zaidi ili ifike. Vijana wa bodaboda walitusoma kwa wiki kadhaa. Wengine walisema sisi ni askari. Wengine, kwamba tuna ugomvi wa ndoa na hatutaki kuufikisha ukweni. Mmoja alikuja kugonga kioo kwa adabu na kuniambia, "Shikamoo mama. Kama gari limezima, tunawasukuma bure." Halikuwa limezima. Halina namna ya kumwonyesha mtu kwamba halijazima.

Hapo nitalisifu kidogo. Hakuna gari duniani linalofaa kungojea kama lile. Unakaa ndani na kiyoyozi, hakuna moshi, hakuna mtetemo, unaweza kusikia mtu akitafuna muwa ng'ambo ya barabara. Lakini kungojea huko kulikuwa kunakula betri, na mume wangu aliona kila tone. Kwanza alinisomea: asilimia moja imekwenda kwa kukaa. Asilimia nyingine. Baadaye, siku moja ya jua kali, aliinua kidole akakizima kiyoyozi, akafungua vifungo vya kanzu, akakaa akitoka jasho.

"Unazima nini?" nikamwuliza.

"Tupate kungoja zaidi," akasema.

Yeye ndiye aliyetaka kaka aambiwe. Nilitaka kumtania, nikashindwa. Tangu siku ile tulikuwa tunangoja madirisha wazi, tunapepea kwa kile kitabu kinene cha gari, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kitabu kile kimewahi kuifanya vizuri.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa msimu wa kiangazi, barabara ya udongo imekauka na vumbi limejaa mpaka kwenye viti. Nilipiga honi penye bodaboda kama kawaida. Tukangoja. Kwa kipimo changu muda ulikuwa umefika ule mrefu kabisa, ambao mwanzoni nisingeuamini. Nikaongeza mwingine. Mume wangu aliacha kupepea. Simu yangu ikalia. Mama hakuwa mtu wa kupiga simu, yeye hupigiwa.

"Mtakaa hapo mpaka lini?" akasema. "Njooni tu. Wala usipige honi."

Nikaondoa gari. Kutoka pale mpaka nyumbani si mbali, lakini sijapata kuendesha polepole kiasi kile. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilipiga hodi. Sijui kwa nini. Nilisimama kizingitini kama mgeni nikapiga hodi kwa mama yangu, naye akanijibu karibu kutoka ndani.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa buibui, mikono imelala mapajani. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba, vyekundu. Alikuwa amejaribu. Nikapiga magoti mbele yake nikamshika mikono ile, nikamwamkia, naye akaitika marahaba kama siku yoyote. Kisha akatazama juu ya bega langu kuelekea nje.

"Mwambie mkwe wangu aingie. Sanduku zito hilo, hulimudu."

Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kumpokea mkwewe nyumbani kwake akiwa amekaa, na chumbani mwake mkwe hakuwahi kukanyaga. Mume wangu aliingia ameinamisha kichwa, akasema shikamoo kwa sauti ndogo, akaliendea sanduku lililokuwa chini ya dirisha. Lilikuwa limeshafungwa kwa kamba, mara mbili, fundo juu ya fundo. Alipolinyanyua, vumbi liliteleza kutoka juu yake likaanguka sakafuni kama unga. Hata ndani ya mafundo mlikuwa na vumbi.

Nikamwuliza mama sanduku lile kalifunga lini.

"Jioni ya siku ile mlokuja kimya. Ile Jumamosi ya kwanza na gari lenu."

Nikamwambia siku ile hakuniona. Alikuwa amenipa mgongo, na mimi sikutia mguu ndani.

"Kivuli chako kilinipita ubavuni," akasema. "Kikasimama. Kisha kikarudi kinyumenyume. Nikasema basi, yamekwisha, atakuja sasa hivi anichukue. Nikakaa hapo chini nakungoja."

Nilishindwa kumtazama. Niliangalia ile njia inayong'aa kwenye saruji.

"Mbona hukusema, mama? Karibu miaka miwili hii, kila Jumamosi unajivuta kwenye kamba. Mbona hukuniambia?"

"Nikasikia honi," akasema. "Nikajua mwanangu hajawa tayari. Basi nikasimama."